Mwongozo kamili: jinsi ya kutafuta maana ya neno la Kiebrania kwenye Biblia bila kujidanganya

Naandika hii manake watu wanakwama pale pale kila wiki, na ni watu wenye bidii kabisa. Kwenye darasa letu la Biblia la Alhamisi hapa Mikindani lazima kuna mtu atakuja na simu mkononi, "mwalimu nimeangalia Kiebrania, hili neno maana yake ni hivi", ukimuuliza umejuaje anakuonyesha skrinshoti ya kamusi ina maana saba na yeye kachukua ya tano kwa sababu ndo iliyomgusa.

Sasa hapo ndo pa kuelewa kwanza. Kamusi haikupi maana ya neno kwenye mstari wako. Inakupa maana zote ambazo hilo neno limewahi kubeba, kila moja mahali pake. Chukua mgeni afungue kamusi atafute "piga", aambiwe ni kugonga kwa mkono ama fimbo, alafu amsikie mama anasema leo nimepiga pasi, nikapiga simu nyumbani, watoto wakapiga picha. Kila "piga" hapo inategemea imekaa na nani. Kiebrania ni hivyo hivyo.

Tutafanya kazi na neno moja tu mwanzo hadi mwisho, hesed (חסד), lile ambalo kwenye Zaburi 136 tunaitikia "kwa maana fadhili zake ni za milele" mara 26.

## Vitu unavyohitaji

Biblia mbili za Kiswahili zilizotafsiriwa tofauti. Mimi natumia Union Version ya 1952 na Habari Njema kando. Zikitofautiana kwenye neno, hapo ujue pana kitu cha kuchimba.

Simu na bando kidogo. Fungua STEP Bible (ya Tyndale House, Cambridge), Blue Letter Bible ama Bible Hub, zote ni bure, usiuziwe kitu na mtu. Zinatumia Kiingereza, kwa hivyo kama Kiingereza kinakusumbua kaa na mwenzako anayekisoma, kazi ya wawili inaenda vizuri zaidi hata hivyo.

Daftari na kalamu za rangi mbili. Tafadhali usifanyie kichwani. Utaona hatua ya 6 kwa nini.

Muda wa jioni mbili. Ya kwanza kukusanya, ya pili kufikiria. Neno lililochunguzwa dakika kumi ukingojea feri ya Likoni bado halijachunguzwa, hata kama umepata kitu kizuri.

## Hatua ya 1: Chagua mstari mmoja, soma sura nzima

Usianze na neno, anza na mstari unaokusumbua. Soma sura yote kwa Kiswahili mara mbili, alafu andika kwenye daftari vile unavyodhani neno linamaanisha kabla hujagusa chombo chochote. Hii itakusaidia mwishoni kuona kama umejifunza kitu ama umerudi na kile kile ulichoenda nacho.

Hakikisha pia mstari wako ni wa Kiebrania kweli. Agano Jipya ni Kiyunani. Na ndani ya Agano la Kale kuna sehemu za Kiaramu: Danieli kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, vipande vya Ezra (4:8 hadi 6:18, na 7:12 hadi 26), na mstari mmoja wa Yeremia, 10:11.

## Hatua ya 2: Hakikisha umeshika neno lenyewe

Hapa ndo wengi wanaanguka bila kujua. Mtu anataka kusoma kuhusu "fadhili", anaandika "fadhili" kwenye Biblia ya simu, inamletea mistari, anaichukua yote kana kwamba ni neno moja. Si neno moja.

Angalia Kutoka 34:6: "Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Ukiambiwa utafute hesed hapo utaenda kwa "fadhili", si ndiyo? Umekosa. "Mwenye fadhili" hapo ni *hanun*, neno lingine kabisa. Hesed ni hiyo "rehema" ya mwisho.

Na upande wa pili hesed yenyewe inavaa nguo tofauti kwa Kiswahili chetu: Zaburi 136 ni "fadhili", Mika 6:8 ni "kupenda rehema", Maombolezo 3:22 ni "huruma za BWANA", Ruthu 1:8 ni "mema". Watafsiri hawakukosea, walikua wanaweka neno linalokaa vizuri pale, ila wewe unayechunguza huwezi kuona kwamba ni uzi mmoja mpaka ufike chini.

Kwa hivyo fungua mstari kwenye chombo chako, chagua ile sehemu inayoonyesha Kiebrania neno kwa neno. Kila neno lina namba ya Strong pembeni. Hizi namba zilitoka kwa James Strong mwaka 1890, upande wa Kiebrania zinafika 8674, na ni kama namba ya nyumba tu, inakupeleka mlangoni. Kama hujui neno lipi ni lipi, fuata mpangilio: Kutoka 34:6 Kiswahili kimefuata utaratibu ule ule wa Kiebrania, huruma ni rahum 7349, fadhili ni hanun 2587, rehema ni hesed 2617.

Tahadhari ya Zaburi: Biblia ya Kiebrania mara nyingi inahesabu kichwa cha zaburi kama mstari. Zaburi 51:1 yetu, "unirehemu, sawasawa na fadhili zako", kule ni 51:3. Ukiona namba hazikubaliani usidhani umepotea.

*Umefaulu ikiwa* una vitu vitatu kwenye daftari: namba, neno lilivyo kwenye kamusi, na neno lilivyo ndani ya mstari wako.

## Hatua ya 3: Litamke

Fupi hii. Herufi ni 22, zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na vile vidoti na vistari vya chini na juu ni irabu, kazi yake ni ile ile ya fataha na kasra tunazoziona kwenye vitabu vya madrasa. Ile H ya mwanzo wa hesed ni nzito, ya kooni, kama jirani yako anavyotamka "Muhammad" vizuri. Hapa Mombasa tuna bahati sana kwa hili, sauti zinazowatesa wengine sisi tumekua tukizisikia.

Usikae siku tatu hapa. Jua tu herufi zinazofanana zisikuchanganye: ב na כ, ד na ר, ה na ח.

## Hatua ya 4: Kama ni kitendo, angalia mnyambuliko wake

Hesed ni jina kwa hivyo hatua hii ungeiruka, lakini neno lako lijalo pengine ni kitendo, na hapa msemaji wa Kiswahili ameshapata nusu ya kazi bure.

Sisi tunasema ona, onyesha. Soma, somesha. Jua, julisha. Shina moja, ukibadilisha umbo kazi inabadilika. Kiebrania nacho kina maumbo kama hayo, yanaitwa Qal, Niphal, Piel, Hiphil na mengine machache. *Ra'ah* kwenye Qal ni kuona, kwenye Hiphil inakua kuonyesha. *Mut* ni kufa, Hiphil yake ni kufisha.

Hatari ni hii: namba ya Strong haibadiliki. Kumbukumbu la Torati 4:10 kuna *lamad* mara mbili ndani ya mstari mmoja, namba 3925 zote mbili. Ya kwanza ni Qal, watu "wajifunze" kumcha Mungu. Ya pili ni Piel, "wawafundishe" watoto wao. Mtu akienda na namba peke yake atasema ni kitu kimoja, kumbe mmoja ni mwanafunzi mwingine ni mwalimu. Kwa hivyo kila kitendo andika na umbo lake, chombo kinakuandikia pale pale chini ya neno.

## Hatua ya 5: Fungua kamusi, lakini usiondoke na jibu

Sasa soma kamusi. Kama chombo chako kina ile ya Brown, Driver na Briggs (inaandikwa BDB, ilitoka 1906) isome hiyo pamoja na ya Strong, manake imepanga maana kulingana na mistari. Andika maana zote kwenye daftari kwa rangi ya kwanza. Hao ni wagombea tu, hakuna aliyeshinda.

Na hapa nina onyo kubwa. Chini ya 2617 utakuta wema, fadhili, rehema, alafu ghafla unakuta *aibu*. Nimeona mtu akijenga somo zima juu ya hilo, ati fadhili za Mungu ndani yake zina aibu ya msalaba. Hapana ndugu yangu. Ni maneno mawili yanayofanana sura, kama "kaa" wa baharini na "kaa" la moto jikoni. Strong ameyaweka chini ya namba moja, BDB imeyatenganisha. Hilo la aibu liko kwa mfano Mithali 14:34, mstari ambao Kenya hii hakuna asiyeujua: "Haki huinua taifa, bali dhambi ni aibu ya watu wote." Hiyo "aibu" kwa herufi ni hesed, na haina uhusiano na fadhili za Zaburi 136.

Kwa hivyo ukiona kwenye listi maana mbili ambazo hazipatani kabisa, simama, uliza kama ni neno moja ama ni mawili.

## Hatua ya 6: Nenda kaone neno linavyoishi

Hii ndo kazi yenyewe. Zile zingine zote ni maandalizi, na hii ndo watu wanairuka.

Kila chombo nilichotaja kina sehemu ya kukuonyesha mistari yote yenye neno lako. Hesed iko karibu mara 250, karibu nusu ziko Zaburi. Huhitaji zote. Chukua kumi hadi kumi na tano, na uchague hivi: kwanza za kitabu kile kile cha mstari wako, alafu za hadithi kabla ya mashairi, manake kwenye hadithi unaona watu wanafanya nini, ilhali kwenye shairi unaambiwa tu ni nzuri.

Kwa kila mstari jibu maswali manne kwa daftari: nani anamtendea nani? Wana uhusiano gani? Anayetenda alilazimishwa? Nini kingetokea asingetenda?

Nikuonyeshe jinsi inavyofunguka.

Ruthu 1:8. Naomi anawaambia wakwe zake, BWANA awatendee mema (hesed) kama mlivyowatendea *hao marehemu*, na mimi. Simama hapo kwa marehemu. Ungeweka "huruma" ungesema waliwahurumia maiti? Haikai. Hawa wasichana walishikamana na nyumba ya mume hata baada ya waume kuisha, na hakuna ambaye angewalaumu wakiondoka, Naomi mwenyewe ndo anayewafukuza warudi kwao.

Yoshua 2:12. Rahabu amewaficha wapelelezi, sasa anawaambia waape kwamba vile alivyowatendea hesed na wao wataitendea nyumba ya baba yake. Kumbe ni kitu kinachotarajiwa kurudi. Kinajenga deni la heshima.

2 Samweli 9. Daudi ameshakua mfalme, Yonathani ameshakufa, na Daudi anauliza kama kuna aliyebaki wa nyumba ya Sauli amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Analetwa Mefiboshethi, mlemavu wa miguu, hana jeshi, hana kitu cha kumpa mfalme, na ni mjukuu wa mtu aliyetaka kumuua Daudi. Anapewa mashamba na kiti mezani. Agano walilofanya vijana wawili, mmoja ameshazikwa, bado linalisha mtu.

Hosea 6:4. Hapa ni upande wa kukosa: hesed ya watu imekua kama wingu la asubuhi na umande, jua likitoka imekwisha. Kwa hivyo kosa la hesed mbovu ni *kutodumu*.

Ukiandika haya upande kwa upande kitu kinaanza kujitokeza chenyewe, hukukitoa kamusi wala kwa mhubiri. Kuna uhusiano, kuna kitendo (si moyo kujisikia vibaya tu), kuna uhuru wa kuacha, na kuna kuendelea. Usiku wa kwanza niliofanya zoezi hili nilifikiria vile watu wetu wa Pwani wanavyomsema mtu mzuri aliyewasaidia kwenye shida, "hakunitupa". Nikalirudia Ruthu lote na hilo neno moja mdomoni na nililia, nasema ukweli.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kumueleza mwenzako neno lako kwa kutumia hadithi tatu bila kutaja kamusi.

## Hatua ya 7: Angalia majirani

Neno linajulikana kwa linaotembea nao. Hesed inatembea sana na *emet*, kweli ama uaminifu, ndo hiyo "rehema na kweli" ya Kutoka 34:6. Hilo linathibitisha ile ya kudumu tuliyoipata. Maombolezo 3:22 imekaa na *rahamim*, rehema za moyoni, kwa hivyo hayo mawili si kitu kimoja, mwandishi amehitaji yote mawili.

Angalia na kitendo kilicho karibu. Zaburi 23:6, wema na fadhili (hesed) "zitanifuata". Kitendo hapo ni *radaf*, na ni kile kile cha Kutoka 14:8 Farao anapowafuata Israeli na magari ya vita. Kufuata huko ni kukimbiza. Sasa usome tena huo mstari.

## Hatua ya 8: Andika maana kwa Kiswahili chako, alafu ujaribu

Kwa rangi ya pili, sentensi mbili zisizidi. Yangu ni hii: *Hesed ni wema wa vitendo unaomtendea mtu kwa sababu ya kifungo kilichopo kati yenu, na kuendelea nao hata pale ambapo ungeweza kumtupa na hakuna angekuuliza.*

Jaribio lake ni kuirudisha kwenye ile mistari yote uliyokusanya, mmoja mmoja. Kwa Ruthu inakaa. Mefiboshethi inakaa. Isaya 40:6 ambapo wema wa wanadamu umefananishwa na ua la kondeni, inakaa tena inauma. Pale ambapo haikai rekebisha sentensi yako, usirekebishe mstari.

Onyo: usije ukabeba sentensi yako nzima ukaipakia kila mahali neno lilipo. Rahabu hakua na agano na wapelelezi kabla ya siku ile, kwa hivyo usimwekee. Kila mstari unachukua sehemu yake.

Baada ya hapo fungua ukurasa uliouandika hatua ya 1 ulinganishe.

## Mitego mitatu inayowanasa watu wa hapa

Kiarabu. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na Kiswahili kimekopa sana upande wa Kiarabu, ndo maana nafsi ni *nefesh*, roho ni *ruah*, madhabahu ni *mizbeah*. Inasaidia kukumbuka, lakini haithibitishi maana. Mfano ni *lehem*. Aliyesoma Kiarabu ataruka, lahm, nyama! Kiebrania ni mkate, ama chakula kwa jumla, kama Zaburi 136:25 inavyosema anawapa chakula wote wenye mwili. Ndugu wawili wa tumbo moja kila mmoja na tabia yake.

Mzizi. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima zote zimetoka mzizi mmoja, lakini ukiniambia kesi yako iko mahakamani sielewi kwamba iko kwenye hekima. Mtu akikwambia *lehem* (mkate) na *milhamah* (vita) zina herufi zile zile za mzizi kwa hivyo kula neno ni kupigana vita, mwambie akuonyeshe mstari mmoja tu ambapo lehem inatumika hivyo. Hapa hata Strong anapotosha, ameweka kulisha na kupigana chini ya namba moja, 3898.

Picha za herufi. Kuna mafundisho yanazunguka WhatsApp ati alef ni ng'ombe, bet ni nyumba, unganisha picha upate siri ya neno. Majina ya herufi ni kweli yana historia hiyo, lakini maneno hayakutengenezwa kwa kuunganisha picha, na njia hiyo inaweza kutoa jibu lolote mtu analotaka. Achana nayo.

Kidogo tena hapo hapo: usitumie programu ya kutafsiri ya simu, ile inajua Kiebrania cha leo. *Hashmal* ya Ezekieli 1:4, ambayo Biblia yetu imeweka kaharabu, Kiebrania cha leo ni umeme wa stima.

## Maneno ya kuanzia ukishamaliza hesed

Anza na *nefesh*, 5315. Mwanzo 2:7 mtu akawa "nafsi hai", Mwanzo 1:24 maneno yale yale yametumika kwa wanyama na Biblia yetu ikaweka "kiumbe hai". Walawi 17:11 ni "uhai" ulio katika damu, Hesabu 6:6 imefika hadi kuitwa maiti, na Zaburi 69:1 maji yamefika nafsini, hapo jiulize mtu anayezama maji yanamfika wapi. Ukimaliza hilo nenda *shalom* 7965 kwenye hadithi za Mwanzo na Samweli kabla hujagusa manabii, alafu *davar* 1697, ambalo mara ni neno mara ni jambo.

Lifanye moja kwa wiki mbili, na uje na daftari Alhamisi.